Karakana si Adhabu: Somo la Mbao, Chuma na Plastiki



Tangu mwaka 2024, Tanzania ilipoanza kutekeleza mtaala wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali katika sekondari, wazazi wamekuwa wakituuliza baada ya Misa: “Mwanangu amekosa nini hata apelekwe karakana?” Tulijibu swali hili kwa utulivu, maana ndani yake kuna dhana kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa darasani.

1. Karakana inafundisha nini?

Kwanza, mbao. Ubao una nyuzi. Ukipiga randa kwa kuzifuata, uso hutoka laini. Ukizikaidi, hung’oka vipande. Mbao mbichi hunywea ikikauka, hivyo kiungo kilichobana leo hulegea kesho. Mwanafunzi hujifunza kusubiri.

Pili, chuma. Chuma cha patasi kikipashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha kikazamishwa ghafla majini, huwa kigumu lakini huvunjika upesi. Fundi hukipasha tena kwa joto la chini ili kistahimili nyundo. Ugumu peke yake hautoshi.

Tatu, plastiki. Plastiki ya ndoo hulainika kwa joto na huweza kuundwa upya. Bakelaiti ya vishikio vya sufuria, ikishaganda, hailainiki tena. Ikizidiwa na moto huungua. Bomba la PVC lisichomwe kamwe, kwa kuwa moshi wake una gesi inayodhuru mapafu. Anayelijua hilo huwalinda jirani zake.

2. Imani yetu inasema nini?

Watu wa Nazareti walimtambua Yesu kama seremala (Mk 6:3). Neno la Kigiriki linalotumika hapo, tekton, humtaja fundi wa mbao, na hata mjenzi. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, si aina ya kazi yenyewe.

3. Tukiri kosa letu

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iunganishe masomo na kazi. Lakini wengi wetu tulipewa jembe au fyekeo kwa sababu ya kuchelewa au kupiga kelele. Hivyo tulifundishwa kwamba kazi ni adhabu, nasi tukawarithisha wadogo zetu. Mzazi anayeogopa karakana anakumbuka tulichomfundisha.

Hofu yake nyingine ni ya haki: karakana isiyo na jiliwa, randa wala tupa humfanya mwanafunzi anakili michoro ya vifaa asivyowahi kuvishika. Basi tusimhubirie mzazi uvumilivu tu. Tuingie naye karakana, tutazame vifaa, na kama vimepungua, tuulize pamoja naye.

Maswali ya kutafakari

- Kwetu, je, jembe bado ni adhabu?
- Benchi la kanisa likivunjika, nani kati yetu anaweza kulitengeneza?
- Tunamheshimu fundi wa parokia kama tunavyomheshimu mwalimu?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.