Mkalimani wa Wakimbizi

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni kijana wa Sumbawanga nijuaye Kirundi, nawezaje kujitolea kuwa mkalimani wa wakimbizi?

Jibu: Azma yako ni njema. Lakini Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, yaliyokuwa katika mkoa wetu wa Rukwa hata mkoa wa Katavi ulipojitenga 2012, wengi wa wakazi wake wamekwishapewa uraia. Kwa hiyo haja iko katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako huingii ila kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukijaliwa kuingia, keti kando ya mkimbizi anayehojiwa. Asemapo “walimchukua mume wangu”, nawe sema vivyo hivyo, bila kupamba wala kusitiri. Na akinyamaza, usimjazie. Mtoto asimfasirie mamake, hata kwa dharura ndogo. Daftari lako, mkabidhi afisa anayehoji kabla hujatoka.