Bibi Anaposahau Jina la Mjukuu Wake



Wapenzi wanafunzi na wazazi wa hapa Mnazi, mmoja wa wanafunzi wetu alituuliza: mbona bibi anazisoma vizuri sura alizohifadhi utotoni, lakini hamjui mjukuu anayemletea chai? Tena amesikia majirani wakinong'ona kuwa bibi karogwa, au ndiye mchawi. Maneno hayo ni hatari, ndiyo maana tumeona tujibu kwa elimu.

Maradhi ya namna hii yalielezwa mwaka 1906 na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Kwetu pia yapo. Mwaka 2009 na 2010 walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea wilayani Hai, Kilimanjaro, na kiasi cha 6 au 7 katika kila 100 walikutwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Alzheimer ndiyo aina iliyo nyingi zaidi duniani. Kwa kawaida huanzia sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya, hivyo ya zamani huchelewa kupotea.

Sasa tuingie ndani ya seli. Karibu kila seli ina jeni zote za mwili, lakini haizisomi zote. Ni mfano wa mwanafunzi mwenye msahafu kamili, ambaye leo anasoma ukurasa wake tu. Seli ya ini ina kurasa zake, ya ubongo zake.

Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitoa uchunguzi wa viini vya seli 80,660 vya ubongo wa watu 48 waliokwisha kufariki, nusu yao wakiwa na alama za Alzheimer. Katika seli za neva, jeni nyingi zilizobadilika zilisomwa kidogo kuliko kawaida. Katika seli zinazozihudumia neva, nyingi zilisomwa zaidi. Ajabu ni jeni iitwayo APOE: ilizidi katika seli za ulinzi, ikapungua katika seli zenye umbo la nyota. Ukiusaga ubongo wote pamoja, tofauti hiyo huioni.

Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Hata hivyo mzee apelekwe hospitali mapema, kwani usahaulifu mwingine huletwa na upungufu wa vitamini B12 au ugonjwa wa tezi ya shingo, na hayo hutibika.

Nyumbani, tusimtahini bibi kwa kumuuliza, "Mimi nani?" Mwanafunzi wetu siku hizi hutoa salamu, hutaja jina lake na la mama yake, kisha huanza Suratul Fatiha. Bibi huimalizia.