Mafuta ya Kupaka Mwili

Wewe una miti ya mawese. Ukiisha kukamua mawese, unatupa kokwa. Usizitupe: ndani yake mna mafuta mengine, mazuri kwa ngozi, na watu wa migodi watayanunua.

Fanya hivi:

1. Anika kokwa juani, uzipasue kwa jiwe, utoe viini. Kiini chenye ukungu ukitupe.

2. Kaanga viini mpaka vigeuke rangi, uvitwange sana.

3. Chemsha unga huo katika maji. Mafuta yataelea, uyaengue polepole.

4. Yarudishe kwenye moto mdogo mpaka sauti ya maji iishe. Maji yakibaki, mafuta yataharibika upesi. Watoto wakae mbali.

5. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi, uyatie katika chupa kavu, ufunge.

Kabla ya kutaja bei, hesabu chupa, kuni na siku zako za kazi. Usiongeze mafuta ya zamani ili chupa ijae. Usiseme yanaponya ugonjwa. Mnunuzi akidanganywa mara moja harudi, naye atawaambia wenzake.

Maulizo: Kwa nini tunarudisha mafuta motoni? Kokwa za nyumba yako zinakwenda wapi?