SOMO LA MWEZI: GARI LENYE TABO LIPUNGUAPO NGUVU

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mwani mkavu hupelekwa mjini kwa gari. Gari kuukuu la dizeli lenye tabo hupungua nguvu kidogo kidogo, hata dereva akazoea.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa silindani. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote, na moshi mweusi hutoka. Kabla chama hakijanunua tabo mpya, injini izimwe ipoe, kisha vikaguliwe:

(a) Chujio la hewa: vumbi huliziba.
(b) Mipira ya hewa na vibano vyake: ufa mdogo huvujisha.
(c) Chujio la dizeli: likiziba, nguvu hupungua bila moshi mweusi.
(d) Mhimili wa tabo: ukigusa ganda lake, tabo imekwisha.

Katibu aandike matokeo daftarini. Fedha ya wanachama isitolewe kwa kukisia.