Sarafu za Mkebe wa Nyanya: Kosa la Kiwanda au Kosa la Binadamu?

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike kuhusu methali. Nikamwambia aniwie radhi, kwa sababu likizo ya Agosti nilikuwa na shughuli nyingine kabisa, na shughuli yenyewe ilinikosesha usingizi.

Nyumbani kwetu ni upande wa Migori, si mbali na Macalder. Babu yetu marehemu alikuwa kibarua katika mgodi wa pale kabla haujafungwa katika miaka ya 1960. Alimwachia nyanya mkebe wa Kimbo wenye sarafu 43. Nyingi ni zile ambazo wazee huziita otonglo, yaani senti kumi za Afrika Mashariki, kubwa karibu kama kifuniko cha soda, zenye tundu katikati. Nyanya alikuwa amezitunga kwenye kamba ya katani kama samaki.

Sasa, ndugu yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, yuko shuleni hapa Homa Bay na ana deni la karo. Stendi ya Migori alikuwa amesikia ati sarafu iliyotoka kiwandani na kosa hununuliwa kwa malaki ya pesa. Akapekua mkebe, akatoka na shilingi moja ya 1952, ile yenye simba mbele ya milima. Juu ya kichwa cha mfalme palikuwa na tundu dogo. "Kaka," akaniambia, "karo ndiyo hii." Macho yalikuwa yanamng'aa, jameni. Nikamwambia asimwonyeshe mtu kwanza.

Ili ulijue kosa la kiwanda ni lazima ujue sarafu inavyozaliwa. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo visivyo na picha. Kipande hupitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo, halafu huwekwa ndani ya pete ya chuma katikati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu. Mihuri hugonga mara moja kwa nguvu nyingi, pande zote mbili zikachapwa kwa pamoja. Sarafu za tundu kama otonglo hutobolewa zikiwa bado vipande vitupu, kabla ya kugongwa. Shika hapo, tutaparudia.

Basi kosa la kweli lazima liwe limetokea katika mojawapo ya hatua hizo. Kipande kikikaa vibaya chini ya muhuri, picha huenda upande na sehemu nyingine hubaki tupu. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ule ufa, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkwaruzo wa msumari umezama, mstari wa ufa umeinuka. Pitisha ukucha polepole utasikia tofauti. Mimi nilipata mstari wa namna hiyo kwenye shilingi moja niliyorudishiwa chenji pale kantini, unaotoka ukingoni hadi kwenye herufi. Haijanitajirisha, lakini sijaitumia.

Kuna pia sarafu iliyomegwa kama mwezi mchanga, kwa sababu bamba lilikatwa mahali palipokwisha kukatwa. Mtu anaweza kuiga kwa tupa. Dawa yake ni kutazama ng'ambo ya pengo. Kwenye kosa la kweli, ukingo wa upande wa pili mara nyingi huwa hafifu, maana mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kusukuma. Mwenye tupa hakumbuki kuharibu upande huo!

Na zile za madini mawili, kama shilingi 10 na 20, msidanganyike. Ukiona kitovu kimegeuzwa na kina mikwaruzo pembeni, mtu amekigonga kwa nyundo.

Halafu kuna vitu ambavyo si makosa hata kidogo. Herufi H ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, na SA ni kiwanda cha Pretoria. Senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane ni halali, ingawa mfalme huyo alijiuzulu Desemba ya mwaka huo huo. Senti tano na kumi za 1964 hazina jina la mtawala yeyote, wala halikufutika, kwani uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana. Hata sarafu za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, kuna mzee sokoni aliyeniambia ati "zilisahauliwa kichwa". Katiba ya 2010 ndiyo iliyokataza picha ya mtu. Nao wenzetu wanaopitia Isebania wajue kwamba kifaru cha shilingi 50 ni cha Tanzania, si kosa la kifaru chetu cha shilingi 5.

Nirudi kwenye mkebe. Nilipofungua kamba ya katani, otonglo moja ilibaki nje. Haikuwahi kutungwa, kwa kuwa haikuwa na tundu! Ilikuwa ya 1952 pia. Nilishuku kwamba mtu aliziba tundu kwa risasi. Nikaitazama kwa lenzi ya maabara: hapana mduara wa kiungo, rangi ni moja, shaba tupu. Mwalimu wa fizikia akaniruhusu nitumie mizani. Ilizidi zile nyingine za mwaka huo kwa karibu gramu 0.3. Nilipopiga hesabu ya ujazo wa kijipande ambacho kingetobolewa, jibu likakaribia pale pale. Kipande hicho kilipita mashine ya kutoboa bila kutobolewa, kikagongwa hivyo hivyo, kikasafiri baharini mpaka kwa mchimba migodi wa Macalder.

Shilingi ya ndugu yangu, masikini, ilikuwa hadithi nyingine. Shilingi za aina hiyo hazikutengenezewa tundu. Upande wa simba, madini yalikuwa yamesukumwa nje yakaacha kijino kikali, na herufi moja ilikuwa imekatwa katikati. Msumari, bwana. Nilikaa siku mbili bila kumwambia. Nilipomwambia alinyamaza, akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Nyanya alikuwa akichambua dagaa, akatusikia. Akaiomba ile sarafu, akaishika karibu na jicho. Akasema babu aliitoboa yeye mwenyewe, siku mtoto wao wa kwanza alipoanza kutembea, akaitia uzi, akamvalisha shingoni. Mtoto huyo ni baba yangu.

Ile otonglo isiyo na tundu bado hatujaiuza. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuichukua pamoja na mkebe mzima kwa shilingi 300, akasema ni mbovu. Nyanya alikataa. Baba mdogo ameahidi kuuza mbuzi ili ndugu yangu arudi shuleni muhula ujao. Ndugu yangu naye anavaa ile shilingi chini ya shati, ingawa sheria za shule haziruhusu, kwa hivyo walimu wetu wapendwa naomba msome sentensi hii haraka.

Mwenye sarafu anayoishuku aniletee Alhamisi baada ya mkutano wa chama. Usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu. Ile ngozi nyeusi ya miaka mingi ikitoka, hakuna atakayeweza kuisoma tena, na thamani yake hushuka.