CHUMA KIKITOKA MAJINI KINA HASIRA

  Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma mashairi, mafumbo na hadithi za kusisimua. Mwaka huu nilipomwambia mlezi wa chama kwamba nataka kuandika kuhusu chuma, wenzangu wa kidato cha tatu waliangua kicheko. "Ati chuma? Kwani wewe ni mhunzi?" Niliwajibu kwamba laiti wangejua yaliyonipata likizo ya Agosti, wasingecheka. Basi tegeni sikio.

Mjomba wangu ni fundi wa jua kali. Kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo kwenye machimbo ya mawe. Hufua majembe, sululu na tindo za wachonga mawe. Mali yake kubwa ni springi kuukuu za malori, maana hizo ni chuma cha pua hasa, wala si chuma laini cha kutengenezea milango na madirisha. Kwa kuwa mimi husoma shule ya kutwa, jioni na wakati wa likizo humsaidia kuzungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni ya tanuri.

Siku moja mjomba aliitwa matangani. Akaniacha nilinde kibanda. Haukupita muda, akaja mchonga mawe mmoja, mzee wa makamo. "Kijana, tindo langu li tayari? Msimamizi ananingojea." Tindo lilikuwa limeshafuliwa na kunolewa, lakini lilikuwa bado halijagumishwa. Nilikuwa nimemwona mjomba akiifanya kazi hiyo mara mia. Nikajiambia, kwani kuna nini? Ni kupasha moto na kutia majini tu!

Nikalitia tindo motoni, nikazungusha feni kwa nguvu zangu zote. Lilipita wekundu, likawa la manjano, likaanza kurusha cheche. Nikalishika kwa koleo na kulitosa lote, ncha hata kichwa, ndani ya ndoo ya maji baridi. Lilivuma kama nyoka aliyekanyagwa. Nilipolijaribu kwa tupa, tupa iliteleza kama juu ya kioo. Mzee akalipa, akaenda zake. Nami nikajiona fundi wa mafundi.

Siku ya tatu mzee alirudi akiwa amejifunika shavu kwa leso yenye damu. Alipolipiga tindo nyundo, kichwa chake kilibanduka kipande, kipande kikaruka. Kule zahanati walimtoa kibanzi cha chuma chenye ukubwa wa punje ya mchele, chini kidogo ya jicho la kulia. Upana wa kidole kimoja tu, na leo ningekuwa nimempofusha mtu mwenye watoto.

Mjomba alimrudishia fedha zake na kumlipia matibabu. Hakunipiga. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, chuma kikitoka majini kina hasira. Wewe hukukituliza." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Shule zilipofunguliwa, nilimwendea mwalimu wetu wa kemia, nikiwa na vipande vya lile tindo ndani ya bahasha.

KINACHOTENDEKA NDANI YA CHUMA

Mwalimu alinieleza hivi. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Springi za malori huwa na kaboni kiasi cha asilimia 0.6. Ni kidogo sana, lakini kaboni hiyo ndiyo roho ya shughuli yote.

Chuma kikiwa baridi, sehemu kubwa ya kaboni hukaa pembeni, imejitenga kwa tabaka nyembambanyembamba. Kikipashwa moto kupita nyuzi 730 hivi za selsiasi, mpangilio wa atomu hubadilika, nayo kaboni huyeyuka humo kama sukari katika chai ya moto. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hupata nafasi ya kutoka na kurudi mahali pake, na chuma huwa laini. Lakini kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijatoka. Atomu za chuma hubanana na kusukumana. Hapo ndipo chuma huwa kigumu mno. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens aliyeuchunguza muundo wa vyuma kwa hadubini.

Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Ugumu ni kitu kimoja na ushupavu ni kitu kingine. Kioo ni kigumu, lakini kiangushe uone! Chuma kilichotoka majini kina ugumu wa kioo na udhaifu wa kioo. Ili kipate ushupavu ni lazima kirudishwe motoni, lakini moto wa wastani, ili baadhi ya kaboni iachiliwe na ile hasira ipungue. Mafundi huita kazi hii kutuliza chuma. Hupoteza ugumu kidogo, hupata uhai mrefu.

JARIBIO LA SINDANO TATU

Mwalimu hakutaka niamini maneno matupu. Alinipa sindano tatu nene za kushonea magunia, miwani ya kukinga macho na moto wa gesi wa maabara. Zote tatu tulizipasha mpaka zikawa nyekundu.

Sindano ya kwanza tuliitoa motoni polepole sana, ikapoa yenyewe. Nilipoipinda ilipindika kama waya, ikabaki hivyo. Ya pili tuliitosa majini. Nilipoigusa tu kwa koleo ilikatika, ta! Ya tatu pia tuliitosa majini, kisha tukaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, na kuirudisha juu ya moto mdogo. Rangi zilianza kujitokeza: manjano kama majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Ilipofika buluu tukaiondoa. Hii niliipinda, ikajikunja kidogo na kurudi ilivyokuwa!

Sindano ni zile zile, moto ni ule ule. Tofauti ilikuwa namna ya kuzipoza na kuzituliza. Rangi zile husababishwa na utando mwembamba wa oksaidi juu ya chuma safi, nazo ni kipimajoto cha fundi asiye na kipimajoto. Manjano hafifu ni nyuzi 220 hivi, kahawia 255, zambarau 280 na buluu takriban 300.

MAKOSA YANGU MANNE

Tulipovitazama vipande vya tindo kwa kioo cha kukuzia, makosa yangu yalionekana waziwazi.

Kwanza, nilizidisha moto. Chuma kikipashwa kupita kiasi, chembe zake hukua na kuwa kubwa, na chuma chenye chembe kubwa huvunjika upesi. Mahali palipovunjika palimetameta kama sukari guru iliyopasuliwa. Chuma kilichopashwa sawasawa huonekana laini na cha kijivu. Mjomba hutumia sumaku: chuma kikiwa moto wa kutosha sumaku haikishiki tena, nacho huongezewa moto kidogo tu, basi.

Pili, nilitumia maji baridi. Chuma cha springi hupozwa kwa oili, ambayo hupoza taratibu kuliko maji. Chuma kinapogeuka martensaiti hutanuka kidogo. Majini, ngozi ya nje hugeuka na kukakamaa kwanza. Kisha sehemu ya ndani inapotanuka, huisukuma ile ngozi ambayo haiwezi tena kunyumbuka. Matokeo yake ni ufa. Katika kipande kimoja tuliona mstari wa kutu ulioingia ndani. Maana yake ufa ulikuwepo tangu ndoo, maji yakaingia na kuanza kutia kutu, na mzee alikuwa akipiga nyundo juu ya kitu kilichokwisha kupasuka.

Tatu, sikulituliza. Kosa hili peke yake lingetosha.

Nne, na hili ndilo lililomwumiza mzee, niligumisha hata kichwa. Tindo hugumishwa ncha tu, kiasi cha sentimita mbili au tatu. Kichwa huachwa laini ili kipokee nyundo bila kubanduka. Kigumu kikigongwa na kigumu, lazima kimoja kitoe kibanzi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi nilikuwa na haraka, baraka ikaruka pamoja na kibanzi.

SI VIBANDANI TU

Usidhani makosa ya moto ni ya mafundi wa jua kali pekee. Mnamo Desemba 15, 1967 huko Marekani, daraja lililoitwa Silver Bridge, lililovuka Mto Ohio pale Point Pleasant, lilianguka likiwa na magari, na watu 46 wakafa. Daraja hilo lililofunguliwa 1928 lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye matundu mwishoni. Vyuma hivyo vilikuwa vimegumishwa kwa moto ili vibebe mzigo mkubwa zaidi. Kwa hivyo, kila kiungo kiliwekewa vyuma viwili tu. Ufa mdogo wenye kina cha milimita 2.5 hivi ndani ya tundu moja ulitosha kukikata chuma, maana kilikuwa na nguvu nyingi lakini ushupavu kidogo mbele ya ufa. Kutu na mzigo wa miaka vilichangia pia, wala moto si mkosaji wa pekee. Lakini chuma chenye ushupavu zaidi kingestahimili ufa mkubwa kuliko huo kabla ya kukatika, na pengine ungeonekana mapema.

Tena mnamo Machi 2013, katika daraja jipya la Bay Bridge kule San Francisco, fimbo 32 za chuma kati ya 96 zilikatika siku chache baada ya kukazwa. Zilikuwa zimegumishwa sana. Chuma kigumu namna hiyo kikiingiwa na hidrojeni, huwa chepesi kukatika kikiwa kimevutwa kwa nguvu. Hakuna aliyekufa, lakini wahandisi walitokwa jasho.

Kosa la kinyume lipo pia. Chuma kisipopashwa vya kutosha hakigumiki, na tindo hupinda ncha. Kikikaa motoni muda mrefu mno, kaboni ya juu huungua, ngozi ikabaki laini, na jembe halishiki makali. Na wewe unayenoa panga kwa mashine mpaka makali yawe ya buluu, jua kwamba umelituliza kupita kiasi. Kesho litakuwa butu, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

NASAHA

Ewe mwenzangu unayefanya kazi mikononi mwa fundi, shika haya. Usizidishe moto. Chagua cha kupozea kulingana na chuma chenyewe. Usiache pembe kali wala mikwaruzo mirefu kabla ya kupoza, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Kituliza chuma mara kinapopoa, usingoje kesho. Vaa miwani. Na kama hujui, usione haya kusema, "Ngoja mwenyewe arudi." Maneno hayo matatu yangeliokoa shavu la mzee yule.

Mwezi Septemba mjomba aliniita, akanipa kipande cha springi. "Mtengenezee mzee lingine," akasema. Nilifua, nikapasha mpaka sumaku ikakataa, nikazamisha ncha peke yake katika oili. Nikasugua haraka kwa msasa na kutazama rangi zikitambaa kutoka shina lenye joto kuelekea nchani. Zambarau ilipofika na kuanza kuwa buluu, nikatosa tena. Mjomba alinitazama tu, hakusema neno.

Nililipeleka machimboni mwenyewe. Mzee alilipokea, akalipapasa kichwa kwa kidole gumba. Kovu lake lilikuwa bado jekundu. "Hili limetulizwa?" akaniuliza. "Ndiyo, mzee," nikajibu, nikamvulia miwani yangu ya kazi na kumpa. Aliivaa. Akaniambia nisimame nyuma, akainua nyundo. Jiwe lilipasuka pande mbili. Tukaliangalia tindo pamoja, mimi na yeye. Lilikuwa zima.