Watoto Wanapolala Kambini Shuleni: Kazi ya Mwalimu wa Zamu

Wanafunzi wa gredi za chini wanapolala kambini shuleni, ulinzi hauishi taa zinapozimwa. Mwalimu wa zamu awahesabu kabla ya kulala, usiku wa manane na alfajiri, akiwa na orodha ya majina.

Jiko la makaa lisiingizwe hemani, hata moto ukiwa umefifia. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumuua mtoto usingizini.

Watoto wakilazwa darasani, mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje, kwani moto ukizuka watakosa pa kutokea. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unakataza hivyo mabwenini.

Anayekwenda msalani asindikizwe, na mwalimu mmoja akeshe hadi asubuhi.